Robert Moog: hobi ilimpa biashara, biashara ikamnyang'anya jina

Fundi_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili haliishi humu: "Naunda vitu vya umeme kwa kujifurahisha, nitaanzaje kupata hela?" Na majibu ni yale yale ya jiamini, anza kidogo, Mungu yupo. Mimi leo sina ushauri. Nina habari za mtu mmoja aliyefanya jambo hilo mpaka jina lake likawa jina la chombo, kisha akakaa karibu miaka 25 akitengeneza vyombo ambavyo hakuweza kuvipa jina hilo.

Ni Robert Moog, Mmarekani, yule wa sinthesaiza, chombo cha muziki kinachounda sauti kwa umeme. (Mwenyewe alilitamka "Mog". Ukisema "Muug" utaeleweka, ila ukoo wao ungekusahihisha.)

Alizaliwa New York mwaka 1934, akakulia Queens. Mama yake alitaka mtoto awe mpiga piano na alimsimamia mazoezi. Baba yake alikuwa mhandisi kwenye kampuni ya umeme na alikuwa na karakana yake nyumbani. Basi mtoto akawa na walimu wawili chini ya paa moja, na nadhani mnajua alikuwa anamkimbilia yupi.

Mwaka 1949, akiwa na miaka kama 15, akaunda theremini kwa kufuata mchoro uliochapishwa kwenye jarida. Kwa wasioijua, theremini ni chombo cha muziki kisichoguswa, uvumbuzi wa Mrusi Leon Theremin wa miaka ya 1920 hivi. Ndani mna oskileta mbili (saketi za kutoa mitetemo ya umeme) zinazotetema juu mno, sikio halizipati. Moja imetulia. Ya pili imeunganishwa na antena, na ukiusogeza mkono karibu, mwili wako unakuwa kama bamba moja la kapasita (kipuri cha kutunza chaji ya umeme), mitetemo ya oskileta hiyo inashuka kidogo. Unachosikia ni tofauti ya hizo mbili. Tuseme moja iko kwenye mitetemo 170,000 kwa sekunde na nyingine imeshuka hadi 169,560: sikioni inafika 440, noti ile ile wanamuziki wanayoitumia kuoanisha vyombo. Yaani unacheza na hewa, na hewa inaimba. Kijana wa miaka 15 akishaona kitu kama hicho kimetoka mikononi mwake, huyo mmeshampoteza.

Mwaka 1954 akaandika makala kwenye jarida la Radio and Television News akieleza namna ya kujiundia theremini, na yeye na baba yake wakawa wanauza koili na vyombo vyenyewe. Kampuni ikaitwa R. A. Moog. Mwaka 1961 akaandika makala nyingine, safari hii theremini ya transista, vile vipuri vidogo vya kudhibiti mkondo wa umeme. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell, ana mke, anaishi nyumba ya kupanga. Vifurushi vya vipuri vya kujiundia, kimoja chini kidogo ya dola 50, vikatoka takribani 1,000.

Hebu tulieni hapo kidogo. Kulehemu ndiko kunakokula saa na mishahara katika kiwanda chochote kidogo. Moog alipata wateja waliobeba kazi hiyo wenyewe, jioni baada ya kazi, na wakamlipa yeye kwa kuwaruhusu. Mpaka leo sijaona mwanzo wa biashara mwepesi kuliko huo.

Naendelea baadaye, kuna mtu ananiita.

Bi_Lehemu

Nimetandika mkeka. Kaka usituache njiani kama ule uzi wa jenereta.

Fundi_wa_Usiku

Dada ule wa jenereta nitaumaliza, jenereta yenyewe haijawaka.

Tuendelee. Mwishoni mwa 1963 Moog alikwenda kwenye mkutano wa walimu wa muziki wa jimbo la New York, theremini zake ziko mezani. Akamjia mwalimu ambaye pia ni mtunzi, Herbert Deutsch, aliyekuwa tayari anaitumia theremini ya Moog kufundishia. Deutsch alikuwa anatunga muziki wa utepe: unarekodi sauti, unakata utepe kwa wembe, unaunganisha vipande, unasikiliza, unakata tena. Siku nzima inakwisha umepata sekunde chache za muziki. Alitaka njia nyingine.

Kiangazi cha 1964 Deutsch akaenda Trumansburg, kijiji ambako Moog alikuwa amehamishia karakana, wakafanya kazi pamoja kwa majuma machache. Mmoja anaunganisha waya, mwingine anasikiliza. Kikazaliwa kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida: oskileta ambayo sauti yake inapanda na kushuka kwa kulishwa volti. Oktoba mwaka huo huo wakakionyesha kwenye mkutano wa wahandisi wa sauti jijini New York, na Moog akarudi nyumbani na oda.

Hata kinanda pale mbele kiliwekwa kwa pendekezo la Deutsch. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky akaagiza kifaa cha kupanga jinsi sauti inavyochomoza, inavyotua, inavyodumu na inavyozimika. Hatua hizo nne ziko kwenye kila programu ya muziki unayoifungua leo. Mwanamuziki Wendy Carlos akataka kinanda kinachohisi nguvu ya kidole. Moog aliwasikiliza wote. Upande wa pili wa Marekani, California, kulikuwa na Don Buchla, fundi hasa, anaunda mashine ya namna hiyo wakati ule ule, ila kinanda kama cha piano hakukitaka. Mashine zake ni nzuri ajabu. Nani kati yao alisikika redioni, mnajua.

Mtoto_wa_Programu

Mkuu, hapo kwenye kulishwa volti sijakupata. Mimi ni wa kuandika programu tu, waya siziwezi.

Fundi_wa_Usiku

Kwa sinthesaiza za Moog, kila volti 1 ukiiongeza sauti inapanda oktava nzima, na oktava maana yake mitetemo inakuwa maradufu: 220, 440, 880. Volti zinakwenda moja, mbili, tatu. Mitetemo inakwenda kwa kuzidishwa. Kazi ya kubadilisha mwendo mmoja kuwa mwingine inafanywa na transista, kwa sababu mkondo ndani yake unakua kwa kuzidishwa volti ya beisi, yaani mguu wake wa kudhibiti, ikipanda kidogo kidogo. Ujanja mtamu sana. Ubaya wake ni kwamba transista hiyo ni kipimajoto pia. Chumba kikipata joto, chombo kinahama noti.

Niliwahi kuunda moja. Siku inalia kwa mara ya kwanza nikaweka kidole juu ya ile transista, noti ikateleza kama mtu anayeanza kulia halafu akajizuia. Nikaondoa kidole, ikarudi taratibu. Nilikaa naweka na kuondoa kidole robo saa nzima mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna paka amenaswa mahali.

Sasa furaha ile ile, ukimuuzia mtu, inaitwa kasoro. Wapigaji wa zamani walikuwa wanawasha sinthesaiza zao mapema kabla ya onyesho ili zipate joto zitulie, na bado katikati ya wimbo mkono mmoja uko kwenye kinanda, mwingine unasaka kitufe cha kuoanisha.

Mzee_Transista

Vijana, mimi naongeza mawili, maana nayajua na napenda kuyasimulia.

La kwanza ni la William Hewlett na David Packard, gereji ya Palo Alto, mwaka 1939, mtaji dola 538. Bidhaa yao ya kwanza nayo ilikuwa oskileta, ya kupimia mitambo ya sauti. Tatizo la oskileta za wakati ule lilikuwa kuifanya sauti isizidi wala isififie. Hewlett akachomeka balbu ndogo ndani ya saketi. Sauti ikitaka kuzidi, uzi wa balbu unapata moto, ukinzani wake unapanda, sauti inajirudisha yenyewe. Balbu! Mimi nilipoiona mara ya kwanza kwenye mchoro nilidhani ni taa ya kuonyesha kwamba mashine imewaka. Studio za Disney zikanunua 8.

Bei waliyoiweka ilikuwa dola 54.40. Wameipataje? Kulikuwa na kaulimbiu ya zamani ya siasa ya mpaka wa Marekani yenye hizo namba, wakaona inapendeza. Baadaye wakagundua kwamba kwa bei hiyo hawawezi hata kuitengeneza. Kilichowaokoa ni kwamba washindani walikuwa ghali mno, wakawa na nafasi ya kupandisha. Hao ndio waasisi wa Hewlett-Packard, msicheke sana wenzenu wanaokosea bei.

La pili ni la Steve Wozniak, yule wa kompyuta za Apple. Aliunda kompyuta kwa ajili ya kuwaonyesha wenzake wa klabu ya Homebrew, michoro anaigawa bure. Mwajiri wake alikuwa Hewlett-Packard hao hao. Aliwapelekea wazo, wakalikataa. Mwaka 1976 yeye aliuza kikokotoo chake, Steve Jobs akauza gari, ili wapate pesa ya kutengenezea bodi tupu wawauzie wanaklabu. Kisha akatokea mwenye duka, Paul Terrell, akasema nataka 50, lakini zikiwa zimeshalehemiwa, na nitalipa dola 500 kwa kila moja mkinifikishia. Bodi tupu hakuzitaka. Wakachukua vipuri kwa mkopo wa siku 30 na wakalehemu usiku na mchana.

Kwa hiyo Fundi, yule wako alianza na wateja wanaolehemu wenyewe. Hawa mteja wao wa kwanza mkubwa aliwaambia kinyume chake. Na wote walikuwa sahihi, maana mtu wa hobi anataka vipuri, lakini duka linataka kitu kinachowaka.

Hesabu_Kwanza

Nasoma kwa raha lakini kama kawaida ya mafundi mnapita juu ya pesa kama mnaruka dimbwi. Ngoja niwashushe.

Chukua kifaa ambacho vipuri vyake ni 100. Mia ya nini, wekeni wenyewe. Mwenye hobi anauza 150, anasema nimepata 50. Haya. Boksi na sponji, 6. Ada ya kupokea malipo, 5. Kimoja kati ya 20 kitarudi, utakitengeneza na utalipa usafiri kwenda na kurudi, gawanya juu ya vyote, weka 8. Bodi na spea unazounguza wakati wa majaribio, 6. Imebaki 25. Umelehemu na kujaribu kwa saa 3. Umejilipa 8 na kidogo kwa saa, na hapo bado hujamjibu yule mteja anayeandika barua ndefu saa sita usiku kuuliza kama kinafanya kazi chini ya maji.

Kisha linakuja duka. Duka linataka punguzo la asilimia 40. Asilimia 60 ya 150 ni 90. Unauza chini ya vipuri! Na kwa kuwa wateja wako wa zamani wameshazoea 150, ukipandisha wanasema umelewa sifa. Ndiyo maana wengi wanaoishi kwa kazi hii huanzia mara mbili na nusu ya vipuri, tena kabla hawajauza hata kimoja.

Na hilo ni dogo. Kubwa ni muda. Vipuri unalipa leo. Kiwanda cha bodi kinataka wiki 3, kulehemu wiki 2, safari wiki 1, duka linalipa baada ya siku 30. Siku zaidi ya 70 pesa yako imelala ndani ya maboksi. Oda zikiwa 10, unavumilia. Oda zikiwa 100 kwa mpigo, pesa iliyolala nayo ni mara kumi, na utaitoa wapi? Kuna biashara zinazokufa katikati ya mwezi wenye oda nyingi kuliko miezi yote. Mwenyewe anazikwa na simu mkononi inaita.

Naomba Fundi atuambie kama Moog alikuwa na mtu wa kumfanyia hesabu hizi.

Fundi_wa_Usiku

Hesabu_Kwanza, umenitangulia. Nakuja huko.

Bi_Lehemu

Kabla hajaja, ngoja mimi nitoe ushuhuda wangu, maana hiyo "kimoja kati ya 20" imenigusa pabaya.

Naunda pedali za gitaa, zile za kukwaruza sauti. Nilianza na moja ya mdogo wangu, rafiki zake wakataka, nikafika ya 15 bila tatizo. Kisha nikapata oda ya 40. Nikatafuta transista za bei nafuu, nikapata muuzaji mmoja, namba imeandikwa sawasawa mgongoni, bei nusu. Nikaunda mbili za kwanza, nikajaribu, zinaunguruma vizuri. Nikaunda 38 zilizobaki bila kujaribu kila moja, nikafunga, nikapeleka.

Ya kwanza ilirudi baada ya siku nne. Nimefungua boksi, juu kuna karatasi imekunjwa, mwandiko mzuri kabisa: "Inafanya kazi asubuhi tu." Nikacheka. Ya pili, ya tatu, ya sita. Nikakaa na mita, nikapima miguu ya zile transista: kwenye pakiti ile ile kulikuwa na aina mbili zenye namba moja, na mpangilio wa miguu haufanani. Zile zilizowekwa kinyume zilikuwa zinapitisha sauti kwa shida shida, zikipata joto zinazimia. Kati ya 40, mbovu zilikuwa 17. Nilizifungua zote, nikazilehemua kwa mkono, na bodi tatu nyuzi zake za shaba zikang'oka kwa kuchomwa mara mbili mbili.

Faida ya oda yote iliishia hapo na nikaongezea mfukoni. Siku hizi kila pedali inakaa imewashwa usiku kucha kabla haijaingia kwenye boksi. Chumba changu usiku kina taa nyekundu kama uwanja wa ndege.

Mzee_Transista

Binti, huo mwandiko mzuri ungeuweka kwenye fremu.

Bi_Lehemu

Babu, upo ukutani.

Fundi_wa_Usiku

Haya, sehemu chungu.

Mwaka 1968 Wendy Carlos akatoa santuri ya muziki wa Bach aliyoipiga yote kwa sinthesaiza ya Moog, sauti moja moja, utepe juu ya utepe. Ikauzwa kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na mwaka 1970 ikachukua tuzo 3 za Grammy. Ghafla kila studio inataka Moog. Kwa fundi wa Trumansburg hiyo ilikuwa mvua ya masika.

Lakini angalieni anauza nini. Ile mitambo ya moduli, kabati zima la vitufe na waya za kuchomeka, kubwa zake zilizidi dola 10,000. Studio ikishanunua moja haihitaji ya pili. Mpigaji wa bendi hawezi kuibeba wala kuinunua. Waliodhani kwamba wakipata Moog watapata na santuri kama ile wakagundua kwamba Carlos hayumo ndani ya kabati. Oda zilipokauka, karakana ilikuwa imeshapanuka, wafanyakazi wanadai mishahara, na mtaji wa akiba hakuna. Hesabu_Kwanza, jibu lako ni hapana. Hakuwa na mtu wa hesabu, na mwenyewe alikuwa na shahada ya uzamivu ya fizikia ya uhandisi, ambayo mizania haimo.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya nyumba. Mhandisi wake Bill Hemsath alikuwa anaokota moduli za mabaki na kuziunganisha kwenye boksi dogo lenye kinanda, waya zote zimefungwa ndani, unabeba unakwenda. Ikawa Minimoog, ya 1970. Ikauzwa dola 1,495, na mpaka utengenezaji ulipokoma miaka ya mwanzo ya 80 zilikuwa zimetoka zaidi ya 12,000. Mtu mmoja, David Van Koevering, alizungusha mashine hizo Florida, kwa wapigaji wa vilabu na kwenye maduka ya ala ambayo yaliamini sinthesaiza ni kitu cha maabara. Yeye si fundi. Ni muuzaji. Na bila yeye maduka yale yangechelewa sana kufunguka.

Ila muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 1971 kampuni ikachukuliwa na Bill Waytena, mwekezaji, ikahamishiwa karibu na Buffalo. Mwaka 1973 ikauzwa tena kwa Norlin, waliokuwa pia na gitaa za Gibson. Moog akabaki humo kama mwajiriwa kwenye kampuni yenye jina lake mlangoni. Mwaka 1977 akaondoka. Mwaka uliofuata akaanzisha karakana nyingine, North Carolina, na kwa kuwa jina lilikwenda na mauzo, hii aliiita Big Briar. Mnajua alirudi kutengeneza nini? Theremini.

Mpiga_Kinanda

Hapo nimenyamaza kwanza.

Lakini Fundi, mimi naona unamwonea. Unasimulia kama msiba. Mtu alitoka kwenye theremini akarudi kwenye theremini, katikati akabadilisha muziki wa dunia. Jina la kampuni lilikwenda, sauti haikwenda. Nikiwa jukwaani hakuna anayeniuliza mizania ya 1971. Na bwana Hesabu_Kwanza, kama Moog angekusikiliza mwaka 1964 ungemwambia aendelee na vifurushi vya dola 50, maana ndivyo vilivyokuwa na faida.

Hesabu_Kwanza

Ningemwambia hivyo, ndiyo, na ningekosea. Nakubali. Lakini mwaka 1969 ningemwambia achukue malipo ya awali kwa kila kabati, na hapo nisingekosea.

Fundi_wa_Usiku

Mpiga_Kinanda, mwisho wake si msiba. Mwaka 2002 alilirudisha jina, kampuni ikawa tena Moog Music, akatoa Minimoog mpya. Alifariki Agosti 2005, miaka 71. Alipata miaka mitatu ya jina lake mwenyewe. Wewe uione mingi au michache, mimi kila nikifika hapo nanyanyuka kutafuta maji.

Mtoto_wa_Programu

Swali. Si angekata hataza tu akae raha?

Fundi_wa_Usiku

Alikata. Kichujio chake cha transista zilizopangwa kama ngazi, ambacho ndicho chenye ile sauti nene, kilipata hataza ya Marekani mwaka 1969. Kampuni ilizama huku ina karatasi mkononi. Hataza inakupa haki ya kumshtaki anayeiga; mshahara wa Ijumaa haulipi.

Bi_Lehemu

Na kuna waliokwenda kinyume kabisa wakafika. Josef Průša wa Cheki alikuwa kijana wa kuchezea mashine za kuchapa vitu vya plastiki, kwenye mradi wa RepRap ulioanzishwa na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005. Michoro yote ya mradi ule iko wazi, na mashine inachapa baadhi ya vipande vya mashine nyingine. Průša akarahisisha muundo mmoja, akauachia watu bure, ukasambaa ukiwa na jina lake. Alipoanzisha kampuni Prague mwaka 2012, wateja walikuwa wameshalijua jina hata kabla hajawauzia chochote. Karakana yake ina mamia ya mashine zinazochapa vipande vya mashine nyingine, mchana na usiku.

Limor Fried pia. Mwaka 2005 akiwa MIT aliweka michoro ya vifaa vyake wazi, watu wakamwandikia: sisi hatutaki kutafuta vipuri kimoja kimoja, tufungie tukulipe. Ndiyo Adafruit hiyo. Ni kisa kile kile cha theremini za 1961. Yaani mchoro bure, mfuko wa vipuri kwa pesa.

Jamani mnaona kwamba hao wawili jina halikwenda kokote?

Mzee_Transista

Jina la Průša haliwezi kuibiwa hata ukitaka, huwezi kuliandika.

Chipukizi_wa_Bodi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote nikiwa natetemeka maana yamenifika.

Naunda vidhibiti joto vya mashine za kutotoleshea vifaranga. Nilianza na yangu, majirani wakaniomba, nimeshauza 6. Sasa kuna mfugaji mmoja anataka 25, ndani ya mwezi, na anasema atalipa vikishafika vyote. Bei nimempa vipuri na nusu juu yake. Kipima joto natumia kile cha waya tatu, DS18B20. Nimpe au nimkimbie?

Hesabu_Kwanza

Marahaba. Vipuri na nusu juu yake. Mia na hamsini. Nilisema au sikusema?

Usimkimbie. Mwambie nusu ya pesa kwanza, ndipo uagize. Akikataa, ujue yeye anataka umkopeshe, na wewe si benki. Bei ya 25 hizi acha kama ulivyoahidi, umeshasema umeshasema, ila iandike kwenye risiti kuwa ni ya oda hii.

Bi_Lehemu

Mdogo wangu, hicho kipima joto kina bandia nyingi kuliko halisi. Hata halisi, watengenezaji wanakiahidi ndani ya nusu nyuzi juu au chini, na mayai ya kuku unayaweka kwenye 37.5. Nusu nyuzi siku 21 mfululizo si jambo dogo kwa kifaranga. Vipange vyote 25 ndani ya beseni moja la maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa, andika tofauti ya kila kimoja, uiingize kwenye programu ya kifaa chake. Na kila kimoja. Usipime viwili ukaamini 23. Mimi ukutani nina karatasi.

Fundi_wa_Usiku

Na mpelekee 3 kwanza, vikae kwake juma zima vikifanya kazi. Atakuja na neno ambalo wewe hujaliwaza, kama Deutsch na kinanda.

Chipukizi_wa_Bodi

Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi. Nusu amekataa, amesema theluthi, tumekubaliana theluthi. Vitatu vya kwanza anavitaka Jumamosi. Ila ameuliza kitu: kama naweza kuweka king'ora, umeme ukikatika usiku kimwamshe. Sikuwahi kufikiria kabisa. Umeme ukikatika si na kifaa chenyewe kinazimika?

Mzee_Transista

Betri ndogo, rilei moja (swichi inayosukumwa na umeme), na buza ya kupiga kelele. Rilei ikiwa na umeme inaizuia buza. Umeme ukienda, inaiachia. Nakuchorea.